Redio ya kilomita 10 ilitushinda mita 10

Sitakupa linki ya ile redio. Najua mmeiuliza sana tangu niweke video ya Chogoria, ile nimesimama kwenye matope na woki-toki mkononi nikijifanya kamanda. Kwa kamera ilitoka poa, nakubali. Lakini hiyo video niliikata mahali. Haionyeshi dakika mbili zilizofuata, na hizo dakika mbili ndizo zimenifanya nikae chini niandike.

Maoni yangu ni haya, na uko huru kuyakataa: kama wewe ni wa kwenda safari za matope mara mbili tatu kwa mwaka, usinunue redio kwa sababu ya kilomita zilizoandikwa kwa boksi. Tafuta ile ambayo neno "simama" linafika likiwa zima kwa mtu aliye mita kumi kutoka kwako. Najua inasikika kama ujinga. Mita kumi si ungepiga tu kelele? Ngoja nikueleze.

Tulikuwa watu saba, magari matatu. Tulitoka Githongo kukiwa bado giza, tukashuka Nkubu, tukashika barabara ya Embu, tukapita Igoji, tukafika Chogoria kabla maduka hayajafunguliwa. Kutoka mjini pale hadi lango la mbuga ya Mlima Kenya ni kama kilomita 30 za kupanda: kwanza majani chai, halafu msitu, halafu mianzi inayokufunika pande zote mpaka unasahau kuna anga. Langoni uko karibu mita 2,950 juu ya bahari. Na ilikuwa Novemba. Mtu wa Meru haelezwi Novemba ni nini, lakini kwa ninyi wa Nairobi: huu upande wa mashariki wa mlima unanyeshewa vibaya Oktoba hadi Disemba, na ule udongo mwekundu ukilowa unakuwa sabuni.

Na kabla mtu wa mazingira hajanishukia, hatukutoka njiani. Msituni na mbugani unafuata njia iliyopo, hujichorei yako. Mimi "off-road" naita barabara yoyote ambayo serikali ilianza ikasahau, na kwa hesabu hiyo hata njia ya kutoka kwetu kwenda kupima majani chai inahesabika, haswa wiki ya pili ya mvua.

Redio zilikuwa mbili. Nilizinunua Luthuli, Nairobi, kwa pesa ya kazi moja ya matangazo. Muuzaji akaniambia, "Hizi madam zinashika hadi kilomita kumi." Unajua mimi nilimuuliza swali gani? Nilimuuliza kama ziko za rangi ya chungwa.

Magari matatu, redio mbili. Hesabu hiyo pekee ingetosha kunishtua, lakini wapi. Moja ilikaa kwa gari la mbele, nyingine nikashika mimi kwa gari la katikati, na gari la mwisho likaachiwa Mungu. Saa moja ya kwanza ilikuwa raha tupu. "Githongo moja, Githongo moja, over." "Over" za bure, hata hakuna tulichokuwa tunasema. Halafu kule juu, gari letu likateleza taratibu, tako kwanza, likalala kwenye mtaro.

Binamu yangu aliyekuwa mbele akarudisha gari lake kwa kinyumenyume ili atuvute. Rafiki yetu, ambaye hapa nitamwita Kapteni, akapiga magoti katikati ya magari mawili kufunga kamba. Mimi nikapanda kwenye ukingo: simu mkono wa kulia narekodi, redio mkono wa kushoto. Mvua ilikuwa inapiga kwa hivyo binamu alikuwa amefunga madirisha, injini inanguruma, na muziki hakuuzima. Ndiyo maana kelele haingefika. Mita kumi za hewa, lakini kati yetu kulikuwa na vioo, dizeli na Gengetone.

Kapteni akainua mkono. Kamba ilikuwa haijakaa. Nikaona, nikabonyeza kitufe na kupayuka kwa pumzi moja: "Usivute!"

Redio ikameza "usi".

Kilichotoka kwenye dashibodi ya binamu, kama alivyoniambia baadaye akiwa anatetemeka, ni "...vute!" Na kwake "vute" ni nini? Ni avute. Ni tuvute. Ni ruhusa. Akavuta.

Kapteni alitoa mkono, lakini hakutoa wote. Kidole cha pete, mkono wa kushoto, kilibaki kati ya kamba na chuma. Kilivunjika mahali pawili. Siwezi kukueleza ile sauti aliyotoa, na haiko kwa video kwa sababu niliangusha simu. Tulimshusha hospitalini akiwa amefungwa kwa skafu yangu na kipande cha mwanzi. Daktari alisema kamba ingepanda inchi chache zaidi tungekuwa tunaongea habari ya mkono, si kidole.

Sasa, nilivyorudi nyumbani nikajua kosa ni la redio. Kitu cha bei rahisi, nikasema, nikaanza kutafuta ya bei ghali. Aliyenirudisha duniani ni anko wangu.

Anko alikuwa taniboi wa lori la majani chai miaka kumi na kitu kabla hajapewa usukani. Kama hujawahi kuona lori la chai likirudi kinyumenyume kwenye kituo cha kupimia majani, jioni, mvua imenyesha, akina mama wamejaa na mifuko mgongoni na watoto wanapita chini ya kila kitu, basi hujaona kazi. Nilimkuta ameketi nje ya duka, nikamweleza yote. Hakuuliza redio ni ya pesa ngapi. Aliuliza:

"Mami, hebu niambie. Nani alikuwa taniboi?"

"Sote, Anko. Kila mtu alikuwa anasaidia."

"Basi hakukuwa na taniboi."

Akaanza kunigongea kwenye ubao wa duka. Moja: simama. Mbili: twende. Hiyo unaijua, kila mtu aliyepanda matatu Kenya anaijua, makanga anagonga bodi na dereva anaelewa bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote na sijawahi kuifikiria. Angalia vile imeundwa. Kugonga mara moja ndiko kunasimamisha. Dereva akisikia nusu tu ya ujumbe, yaani akikosa ule mgongo wa pili, atasimama badala ya kuenda. Ujumbe ukiharibika, unaharibikia upande wa usalama.

Sasa linganisha na kile nilisema mimi. "Usivute" ikiharibika inakuwa amri ya kuvuta. Lugha yetu inaweka katazo mwanzoni mwa neno: usiende, usivute, usiachilie, hapana hivyo. Na mwanzo wa neno ndio mahali redio inakula. Ukibonyeza kitufe, chombo chako kinachukua sehemu ya sekunde kuamka na kuanza kurusha, na cha mwenzako kinachukua sehemu nyingine kufungua spika. Ukiongea palepale unapobonyeza, silabi ya kwanza imeenda na upepo. Ile ya mtu wa Kiingereza anayesema "don't" iko hatarini vilevile, lakini angalau "don't" ni neno lake mwenyewe. Yetu ni kipande cha silabi mbili kilichobandikwa mbele, na kilichobaki nyuma yake kinasikika kama amri kamili.

Hii ndiyo sababu sasa naamini redio unaichagua kuanzia kwa kitufe, si kwa antena. Ukiwa dukani fanya hivi. Mpe rafiki yako moja aende nje ya mlango. Bonyeza, sema "usivute" haraka haraka kama mtu aliyeshtuka. Muulize amesikia nini. Halafu bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, sema tena. Muuzaji atakuona kama umewehuka. Mwache.

Kuna vitu viwili kwenye redio vinavyoongeza huo ulafi wa silabi, na vyote viwili huuzwa kama sifa. Cha kwanza ni ile hali ya kuongea bila kubonyeza, wanaandika VOX. Redio inasubiri kusikia sauti yako ndiyo iamke, maana yake sauti ya kwanza imetumika kuiamsha. Ni nzuri kwa mtu anayeendesha akiwa peke yake na mikono yote kwenye usukani. Kwa mtu anayeongoza gari linalovutwa, izime kabisa. Cha pili ni zile namba za "faragha", boksi linakuambia kuna misimbo 38 ya siri. Hakuna siri hapo. Mtu yeyote mwenye redio isiyo na huo msimbo anawasikia vizuri tu. Kazi yake ni kuizuia redio yako isifungue spika mpaka isikie toni fulani ya chini, na kuisikia hiyo toni kunachukua muda kidogo, na huo muda kidogo unaulipa kwa silabi. Zetu zilikuwa na zote mbili zimewashwa. Nani aliziwasha? Mimi, usiku wa kuamkia safari, nikicheza na menyu.

Baada ya hapo angalia kitufe chenyewe. Kiwe kikubwa, kikae ubavuni, ukipate ukiwa na glavu na vidole vimekufa kwa baridi. Spika iwe na sauti ya kushinda injini. Kuwe na njia ya kufunga vibonye vingine ili redio isibadilishe chaneli yenyewe ikiwa mfukoni. Hivi havipigi picha vizuri. Hakuna mtu atakuuliza linki yake.

Na hesabu: magari matatu si redio tatu. Ni nne. Kila gari moja, na moja ya taniboi anayetembea kwa miguu. Ndiyo, taniboi ni mmoja, na dereva anamsikiliza huyo tu. Wengine wote mdomo funga, hata kama wana redio. Ndiyo maana ningechukua nne za kawaida zinazofanana kuliko mbili za maana. Siku ile tulipokuwa tunashuka na Kapteni analia, gari la mwisho lilipotelea nyuma yetu nusu saa nzima. Halikuwa na redio, simu hazikushika mtandao, na hakuna aliyetaka kurudi kulitafuta na mgonjwa ndani. Lilikuwa limesimama tu kutoa jiwe kwenye gurudumu. Lakini nusu saa hiyo nilizeeka.

Sasa tuje kwenye zile kilomita kumi, kwa sababu najua kuna mtu bado anazitaka.

Mawimbi ya hizi redio ndogo husafiri karibu kama macho yanavyoona. Ukisimama uwanda mtupu na redio mdomoni, upeo wako ni kama kilomita tano hivi, na mwenzako naye akiwa na zake tano mnakutana kumi. Hivyo si uongo mtupu. Ni ukweli wa bahari na jangwa. Njoo basi Imenti ya Kati uone. Huku kwetu ni kilima, bonde, mto, kilima, bonde, mto, kama kitambaa kilichokunjwa. Baada ya ile safari nilizijaribu nyumbani. Kutoka uwanja wetu hadi kilima cha ng'ambo, ambako unaweza kuona hata nguo za watu zimeanikwa, niliongea na mdogo wangu kama yuko jikoni. Akashuka mtoni, mita kama mia nne tu kutoka kwangu, akapotea. Mchanga tupu kwenye spika.

Hapo mtu anasema, basi nunua yenye nguvu. Wati tano badala ya moja. Wati tano si mara tano ya umbali. Hata kama hakuna kitu njiani, kuzidisha nguvu mara tano kunakupa umbali wa mara mbili na kidogo tu, na kilima hakijali wati zako. Kinachosaidia ni kimo na kutoka nje. Gari ni sanduku la chuma, ukishika redio chini ya dashibodi umeifungia ndani. Antena ndogo yenye sumaku juu ya paa, kwa redio inayokubali kuchomekwa antena nyingine, itakufanyia kazi kuliko wati nne za ziada. Na kama huna, toa mkono dirishani, au panda ukingo. Bure.

Kuna wale wataniambia Baofeng UV-5R na waende zao. Naielewa hiyo hoja. Ni redio ambayo imejaa dunia nzima tangu 2012, ni rahisi, inapokea masafa ya 136 hadi 174 na ya 400 hadi 520 MHz, na mtu aliyesoma menyu yake anafanya nayo maajabu. Tatizo langu ni hilohilo. Ni ufunguo unaoingia kila nyumba. Marekani kwenyewe, mwaka 2018, FCC ilitoa onyo kwa wauzaji na watumiaji wa redio za aina hiyo zinazoweza kurusha kwenye masafa ambayo hazikuidhinishiwa. Kwa mtu wa redio, ni chombo. Kwa genge la mabinamu na simu za kurekodi, ni kesi inayosubiri.

Na hapa lazima niungame jambo, ambalo pia niliifuta kwa video.

Kwenye ile saa ya raha, tulisikia watu wengine kwenye chaneli yetu. Walikuwa askari wa ulinzi, mahali fulani chini huko, wanapokezana zamu. Mmoja anaita, mwingine anajibu, wanataja geti. Sisi tukaingia. Tukawajibu. Binamu akaiga sauti ya bosi, akawaambia wote wakapige ripoti, tukacheka mpaka machozi. Niliona ni kontenti. Siku chache baadaye, nikiwa nimekaa na Kapteni anabadilishwa bandeji, nikawaza: kama wakati ule askari mmoja alikuwa anaita msaada, na sisi tumeshika kitufe tunacheka? Kwenye hizi redio, mmoja akibonyeza wengine wanazibwa. Mimi nililia kwa sababu silabi mbili zilimezwa. Wao tuliwameza sentensi nzima.

Halafu nikagundua kwamba si adabu tu, ni sheria. Masafa Kenya yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, CA, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998. Kurusha redio bila leseni, pale ambapo leseni inatakiwa, ni kosa, na vyombo vyenyewe vinatakiwa viwe vimeidhinishwa. "Haihitaji leseni" iliyoandikwa kwa boksi ni maneno ya nchi ambako boksi lilichapishwa. Ulaya wana zao za 446 MHz, nusu wati, antena haitoki. Marekani wana zao kwenye 462 na 467. Zile binamu yako amekuletea kutoka Texas kwenye begi zilipangiwa hewa ya Texas. Ugawaji wa masafa duniani uko kwa kanda, sisi Afrika tuko kanda moja na Ulaya, Marekani wako nyingine, na hata ndani ya kanda moja kila nchi inaamua yake. Kwa hivyo kabla ya kulipa, andikia CA, taja aina ya redio na masafa yake, uliza wazi. Nimefanya hivyo safari hii. Ni barua pepe moja tu, haikuui.

Kuna njia ya wapenzi wa redio pia, watu wanaofanya hii kitu kwa mapenzi, wana leseni na alama zao za wito zinazoanza na 5Z4, na chama chao, Amateur Radio Society of Kenya. Ukiwa na moyo huo, ingia, utajifunza mengi kuliko mimi nitakavyowahi kukuambia. Ila si mlango wa nyuma. Leseni ni ya mtu. Haiwafuniki mabinamu sita walioko kwa magari mengine.

Ndiyo maana nikaamua kukodi. Najua kukodi hakuna swag. Lakini piga hesabu: safari tatu kwa mwaka, siku mbili kila moja, ni siku sita. Siku nyingine 359 redio inalala kwenye droo, betri inakufa polepole, na wewe umesahau menyu. Nairobi kuna wanaokodisha redio kwa harusi, tamasha na watu wa utalii. Mwambie akuonyeshe leseni ya masafa atakayokuwekea, na uhakikishe inafunika mahali unapoenda. Akizungukazunguka, ondoka. Akikuonyesha, umepata redio zilizopangwa tayari, zinazofanana, zenye chaji, na hakuna menyu ya kuchezea usiku wa manane. Kwa genge kama letu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote.

Kuna aliyeniambia tutumie tu simu, tupige ya kikundi. Sawa, mpaka Igoji. Kwenye mianzi ile simu yako ni tochi. Kuna pia anayefikiri redio itamwokoa akipotea mlimani. Haitamwokoa. Hakuna mtu anayekusikiliza huko kwenye chaneli yako isipokuwa wale mlioenda nao. Mtu wa kukuokoa ni yule uliyemwachia nyumbani njia mtakayopita na saa mtakayorudi. Sisi hatukumwachia mtu yeyote. Mama alijua niko Nkubu kwa saluni.

Kitu kidogo kuhusu baridi: kule juu usiku betri za lithiamu hulegea, hivyo lala na redio ndani ya jaketi, si kwenye gari.

Halafu maneno. Tulipoketi na Anko tuliandika yetu, na ni manne tu. "Simama." "Mbele." "Nyuma." "Tayari." Hakuna neno linaloanza na usi-. Hakuna "sawa", kwa sababu "sawa" inaweza kumaanisha nimekusikia, au kamba imekaa, au endelea, na binamu zangu wanaitumia kwa yote matatu. Unabonyeza, unahesabu moja, unasema neno mara mbili: "Simama, simama." La kwanza likimezwa la pili linafika. Dereva anarudia alichosikia kabla mguu haujagusa pedali. Na dereva asiposikia kitu, hajaruhusiwa kitu. Wale mnaofuata Safari Rally tangu irudi kwenye WRC mwaka 2021, sikilizeni video za ndani ya gari pale Naivasha. Navigeta hapigi stori. Anasoma noti fupi fupi, maneno yaleyale, na dereva anaamini maisha yake kwa hayo maneno. Sisi tulitaka gia zao, hatukutaka nidhamu yao.

Binamu aliyevuta bado hajisamehe. Nimemwambia mara nyingi kwamba alifanya alichosikia, na kwamba aliyezungumza ni mimi, na aliyewasha VOX ni mimi, na aliyekuwa na simu mkono wa kulia badala ya mikono miwili kwenye redio ni mimi. Ananiitikia tu. Ameanza kuzima muziki hata akienda dukani.

Kidole cha Kapteni kimepona lakini hakikunji mpaka mwisho. Anapiga gitaa kanisani, na kuna kodi moja ambayo sasa hawezi kuishika. Amejitungia njia ya kuizunguka, anasema hakuna anayesikia tofauti. Mimi nasikia.

Jumamosi hii tunafanya mazoezi, kabla ya safari yoyote. Redio nne za kukodi, magari mawili, kamba mpya, kwenye mteremko wa kwenda kituo cha majani chai, na Anko ameketi pembeni na kiti chake cha plastiki kama hakimu. Kapteni ameomba yeye ndiye awe taniboi. Nilimuuliza kama ana uhakika, akasema ana sharti moja tu: nisije na simu.